Punguzo au Kifungo? Intel na AMD Katika Kuwania Watengenezaji wa Tarakilishi

Utangulizi

Si jambo la kawaida mfanyabiashara kupewa bure bidhaa anayoihitaji kila siku katika shughuli zake, kisha akaikataa. Hata hivyo, tukio la aina hiyo lilijiri mwanzoni mwa karne hii. Kampuni ya AMD ya Marekani, ambayo huunda chipu zinazoendesha tarakilishi, iliahidi kuipa kampuni ya Hewlett-Packard chipu milioni moja bila malipo yoyote. Hewlett-Packard, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa zaidi wa tarakilishi duniani, ilipokea 160,000 pekee. Zilizosalia haikuzitaka. Chipu zenyewe hazikuwa mbovu wala hazikuwa zimepitwa na wakati. Kulingana na maelezo yaliyotolewa baadaye katika kesi, kuzipokea zote kungaliitia hasara kampuni hiyo.

Makala haya yananuia kufafanua namna kitu cha bure kinavyoweza kuwa ghali kiasi hicho. Ili kulifikia lengo hilo, yanapitia mvutano wa miaka mingi baina ya AMD na mshindani wake mkuu, Intel, katika kuwania biashara ya kampuni zinazounda tarakilishi za kibinafsi. Mvutano huu ni wa kiuchumi na wa kisheria, lakini unamhusu mwanafunzi wa lugha pia, kwani sehemu kubwa ya mabishano yaliyofikishwa mahakamani ilihusu maana ya neno moja tu: punguzo.

Neno tarakilishi limetumiwa hapa kwa maana ile ile ya kompyuta, nalo neno chipu linarejelea kichakataji, yaani kile kijipande cha silikoni ambacho hutekeleza amri zote za mashine. Ubishi kuhusu istilahi ipi ni bora uachiwe makala mengine, wanaistilahi hawajauchoka.

Ndugu walionyonya ziwa moja

Intel iliasisiwa mwaka wa 1968 na Robert Noyce pamoja na Gordon Moore. AMD iliasisiwa mwaka uliofuata, Jerry Sanders akiwa kinara wake. Waasisi wa pande zote mbili walikuwa wametoka katika kampuni moja ya California iliyoitwa Fairchild Semiconductor, hivi kwamba si kosa kusema kuwa walinyonya ziwa moja.

Kilichozikutanisha tena kampuni hizi ni uamuzi wa mnunuzi. Mnamo Agosti 1981, IBM ilizindua tarakilishi yake ya kibinafsi, na moyoni mwa mashine hiyo ikatia chipu ya Intel iliyojulikana kama 8088. IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja. Kiwanda kinaweza kuteketea, kinaweza kuchelewa, na mwenyewe anaweza kupandisha bei apendavyo. Kwa hivyo ilishikilia kuwa sharti pawe na kampuni ya pili yenye idhini ya kutengeneza chipu iyo hiyo, na mwaka wa 1982 Intel na AMD zikatia sahihi mkataba wa kubadilishana teknolojia. Ikumbukwe basi kwamba AMD haikuingia katika soko hili kama mshindani. Iliingia kama msaidizi, tena kwa matakwa ya mteja.

Yafaa hapa kueleza kwa nini watengenezaji wa tarakilishi hawakuweza kwenda kununua chipu kokote walikotaka. Chipu si kama msumari ambao ukikosekana katika duka hili hupatikana katika duka la pili. Kila jamii ya chipu ina seti yake ya amri, na programu huandikwa kwa kuzingatia amri hizo. Ni kama lugha: programu iliyoandikwa kwa lugha ya jamii moja haieleweki na chipu isiyoizungumza lugha hiyo. Jamii iliyoanzia kwa chipu za Intel, ambayo huitwa x86, ndiyo iliyokuja kuzungumzwa na takriban tarakilishi zote zilizoiga ile ya IBM. Baada ya muda, kampuni iliyotaka kuuza tarakilishi zenye uwezo wa kuendesha programu zilizozoeleka ilikuwa na milango miwili tu ya maana ya kubisha.

Ubia wa ndugu hawa haukudumu. Intel ilipotoa chipu ya 386 mwaka wa 1985, ilikataa kuikabidhi kwa AMD. Wahenga walikwisha kunena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, na AMD, ambayo nusura itimize usemi huo, ilipeleka malalamiko yake mbele ya msuluhishi mwaka wa 1987. Haikungoja uamuzi ikiwa imekunja mikono. Iliunda 386 yake na kuiuza kuanzia mwaka wa 1991, ingawa kesi baina ya kampuni hizo hazikumalizika hadi mwaka wa 1995.

Kutoka nambari hadi jina

Kuna tukio moja la kipindi hicho ambalo litamvutia msomaji wa isimu. Intel ilijaribu kuizuia AMD isitumie nambari 386 kama jina la bidhaa. Mwaka wa 1991, mahakama nchini Marekani ikaamua kwamba nambari hiyo ilikuwa imegeuka kuwa jina la kawaida la aina fulani ya chipu, kwa hivyo hapakuwa na awezaye kuimiliki peke yake. Funzo lilieleweka. Chipu iliyotarajiwa kuitwa 586 ilipotoka mwaka wa 1993, ilibatizwa jina la Pentium, neno lililobuniwa kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya tano na kupewa kiambishi kinacholifanya lisikike kama jina la elementi ya kikemia. Nambari ni mali ya umma, ilhali neno la kubuni lina mwenyewe.

Mwaka uo huo wa 1991, Intel ilianzisha kampeni ya kibandiko cha Intel Inside. Mtengenezaji wa tarakilishi aliyekubali kukitia kibandiko hicho katika mashine na matangazo yake alirudishiwa sehemu ya gharama za matangazo hayo. Kwa njia hii, kifaa ambacho mnunuzi wa kawaida hakuwahi kukiona, kwa kuwa kimefichika ndani kabisa ya mashine, kikawa na jina linalofahamika hata kwa mtu asiyejua kazi yake. Hata katika vituo vya intaneti vya Nairobi na Mombasa, wako waliokitazama kibandiko hicho kwa miaka mingi wakidhani ndilo jina la tarakilishi yenyewe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha zilianza kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Intel iliiuzia kampuni chipu, kisha ikairudishia sehemu ya fedha kwa masharti. Mtindo huu wa malipo yanayorudi nyuma ndio uliokuja kuzua fitina kubwa zaidi.

Msaidizi ampita bwana

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1990, AMD iliuza chipu zilizofanana na za Intel kwa bei nafuu zaidi, na mara nyingi kwa kuchelewa. Hali ilianza kubadilika mwaka wa 1999 ilipotoa chipu ya Athlon. Mnamo Machi 2000, AMD iliitangulia Intel kwa siku chache tu katika kuuza chipu yenye kasi ya gigahezi moja. Tofauti ya siku chache si hoja kwa mtumiaji, lakini katika biashara ambayo mmoja alizoea kuongoza na mwingine kufuata, ilikuwa hoja kubwa.

Pigo zito zaidi lilikuja mwaka wa 2003. Chipu za wakati huo zilishughulikia data kwa vifungu vya biti 32, na ilikuwa wazi kuwa mashine kubwa za ofisini, yaani seva, zilihitaji biti 64. Intel ilikuwa imewekeza katika chipu iliyoitwa Itanium, ambayo iliiacha lugha ya x86 na kuleta lugha mpya kabisa. AMD kwa upande wake iliipanua lugha ile ile ya zamani, na katika chipu yake ya Opteron programu za kale na mpya zikaendeshwa pamoja. Wanunuzi, kama walivyo wasemaji wa lugha yoyote, hawakuwa tayari kuitupa lugha yao ili wajifunze nyingine. Mwaka wa 2004, Intel yenyewe ililazimika kuufuata upanuzi huo wa AMD katika chipu zake. Hadi leo, programu zinazotumika katika mashine za Intel bado huonekana zikiwa na lebo ya amd64 katika baadhi ya mifumo ya tarakilishi. Ni kejeli ya historia.

Lau soko lingalifuata ubora na bei pekee, watengenezaji wengi wangalimiminika kwa AMD katika miaka hiyo. Baadhi walikwenda, lakini kwa tahadhari isiyo ya kawaida. Kampuni ya Dell haikuuza tarakilishi zenye chipu za AMD hadi mwaka wa 2006. Acer iliahirisha kuzinduliwa kwa tarakilishi yake ya mkononi yenye chipu ya AMD kutoka Septemba 2003 hadi Januari 2004. Hewlett-Packard nayo ikazikataa chipu za bure.

Hesabu ya chipu za bure

Ili kulielewa fumbo hili, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Kampuni inayounda tarakilishi inahitaji chipu 100. Intel inauza kila chipu kwa dola 100, lakini inaahidi punguzo la asilimia 10 ikiwa kampuni hiyo itanunua kwake angalau asilimia 95 ya mahitaji yake. Ikinunua zote 100 kwa Intel, kampuni italipa dola 9,000.

Sasa tuseme inatamani kununua chipu 20 kutoka kwa AMD. Zile 80 za Intel zitapoteza punguzo, kwa hivyo zitagharimu dola 8,000. Ili kampuni isipate hasara, chipu 20 za AMD hazina budi kugharimu dola 1,000 tu, yaani dola 50 kila moja. Intel imepunguza bei yake kwa asilimia 10, lakini AMD inalazimika kupunguza yake kwa asilimia 50.

Na je, ikiwa inataka kujaribu chipu 10 pekee? Zile 90 za Intel zitagharimu dola 9,000, sawasawa na gharama ya zote 100 pamoja na punguzo. Chipu za AMD zitafaa kutolewa bure ndipo hesabu ilingane. Zikizidi bei hiyo ya bure hata kwa senti moja, mnunuzi amepata hasara.

Siri ya mpango huu imo katika ukweli kwamba hapakuwa na mtengenezaji mkubwa aliyeweza kuiacha Intel kabisa. AMD haikuwa na viwanda vya kutosha kukidhi mahitaji yote, na wapo wateja waliotaka Intel pekee. Sehemu kubwa ya manunuzi ilikuwa ya Intel kwa vyovyote vile. Kilichogombewa kwa kweli ni ile sehemu ndogo iliyobaki. Punguzo lililotolewa juu ya sehemu kubwa isiyogombewa lilitumiwa kuilinda sehemu ndogo iliyogombewa. Kadiri AMD ilivyoomba nafasi ndogo zaidi, ndivyo nafasi hiyo ilivyokuwa ghali zaidi kuipata.

Kiswahili kina maneno mengi ya malipo yanayotolewa nje ya bei: kuna bakshishi, kuna kilemba, kuna hongo. Labda lililo karibu zaidi na jambo hili ni kishika uchumba. Zawadi hiyo haitolewi kwa ajili ya thamani yake bali hutolewa ili mlango ufungwe kwa wachumba wengine, na mwenye kuipokea akiufungua, hana budi kuirudisha.

Dell na raha ya kutegemea

Athari ya malipo haya kwa mpokeaji inaonekana vyema katika kisa cha Dell. Mwaka wa 2010, tume inayosimamia soko la hisa la Marekani iliishtaki Dell kwa kutowafichulia wenye hisa ukubwa wa fedha ilizokuwa ikipokea kutoka kwa Intel. Kwa mujibu wa tume hiyo, malipo hayo yalikuwa sawa na takriban asilimia 10 ya faida ya shughuli za Dell katika mwaka wake wa fedha wa 2003. Katika mwaka wa fedha wa 2006 yalifikia asilimia 38, na katika robo ya kwanza ya mwaka uliofuata yakafikia asilimia 76. Dell ilikubali kulipa faini ya dola milioni 100 bila kukiri wala kukana makosa.

Takwimu hizo zastahili kutafakariwa. Wawekezaji walikuwa wakiisifu Dell kwa ustadi wake wa kuunda na kuuza tarakilishi kwa gharama ndogo, kumbe katika robo hiyo ya mwaka zaidi ya robo tatu ya faida iliyosifiwa ilikuwa sawa na hundi ya muuzaji mmoja. Mnamo Mei 2006, Dell ilipotangaza kwamba ingetumia chipu za AMD katika baadhi ya seva zake, malipo ya Intel yalipunguzwa, na faida ikashuka. Mkono usioweza kuukata, ubusu, wasema Waswahili, na Dell ilikuwa imeubusu kwa muda mrefu mno hata ikasahau kusimama bila kuushika.

Mabishano ya mahakamani

AMD iliishtaki Intel katika jimbo la Delaware mnamo Juni 2005. Tume ya ushindani ya Japani ilikuwa imekwisha kuikosoa Intel mwezi Machi mwaka huo, na ile ya Korea Kusini ikaitoza faini mwaka wa 2008. Uamuzi uliotikisa ulimwengu ulitolewa Mei 2009, pale Tume ya Ulaya ilipoitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06. Tume hiyo ilishikilia kuwa Intel ilitoa mapunguzo kwa masharti kwa Dell, Hewlett-Packard, NEC na Lenovo, na kwamba iliwalipa baadhi ya watengenezaji ili wacheleweshe au wawekee mipaka bidhaa zenye chipu za AMD. Sharti la Hewlett-Packard lilikuwa asilimia 95 ya tarakilishi zake za mezani za kibiashara. La NEC lilikuwa asilimia 80. Mnamo Novemba 2009, Intel ilikubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kesi zao ziishe. Mwezi uo huo Andrew Cuomo, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, alifungua kesi yake na hakusita kutumia neno hongo.

Intel ilijitetea kwa hoja ambayo haifai kupuuzwa. Punguzo ni punguzo, ilisema. Huishusha bei, na bei ikishuka anayefaidi ni mnunuzi. Iweje sheria ya ushindani imwadhibu muuzaji kwa kuuza kwa bei nafuu? Isitoshe, kila mfanyabiashara humpunguzia bei mteja anayenunua kwa wingi, kuanzia muuza nyanya wa Marikiti hadi muuza ndege za abiria. Mpaka uko wapi kati ya kumshukuru mteja na kumfunga?

Swali hilo liliwashughulisha majaji kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliikubali faini hiyo mwaka wa 2014. Mwaka wa 2017, mahakama ya juu zaidi ikairudisha kesi ikitaka ichunguzwe upya iwapo mapunguzo yale yangaliweza kweli kumfukuza sokoni mshindani mwenye ufanisi sawa na Intel. Kwa maneno mengine, ile hesabu ya chipu 100 ilipaswa kufanywa kwa takwimu halisi na kwa uangalifu. Mnamo Januari 2022, ilibainika kuwa Tume ilikuwa imeifanya hesabu hiyo kwa makosa na kwa upungufu, na faini ikafutwa. Uamuzi huo ulithibitishwa Oktoba 2024. Ule mchepuo mwingine wa kesi, wa malipo ya kuchelewesha bidhaa, haukuanguka, na mwaka wa 2023 Tume ilitoza faini mpya ya takriban euro milioni 376 kwa ajili yake.

Tofauti hii ina mantiki. Mtu anayelipwa ili asiuze bidhaa ya mwingine kwa miezi kadhaa hawezi kudai kuwa amepunguziwa bei. Hapo neno punguzo halina pa kushika. Lakini pale fedha zinapofungamanishwa na kiasi cha manunuzi, hakuna anayeweza kujua kwa kulitazama neno tu kama ni fadhila au pingu. Ni lazima ahesabu, tena kwa kila mnunuzi.

Baada ya vumbi kutulia

Itakuwa si haki kudai kwamba AMD ilidhoofika kwa sababu ya mapunguzo peke yake. Mwaka wa 2006, Intel ilitoa chipu za Core 2 zilizoipita AMD waziwazi, na AMD ikatumia dola bilioni 5.4 kuinunua kampuni ya ATI wakati ambapo haikuwa na fedha za kuchezea. Mwaka wa 2009 iliachana na viwanda vyake, vilivyounda kampuni mpya kwa fedha za wawekezaji wa Abu Dhabi. Chipu ilizozindua mwaka wa 2011 hazikuwaridhisha wengi, na kufikia mwaka wa 2015 hisa yake moja ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya dola mbili. Hata hivyo, swali linabaki: fedha ambazo AMD haikuzipata katika miaka ile michache ilipokuwa mbele zingaliijengea viwanda gani? Hilo halikuweza kuandikwa katika hukumu yoyote.

Ilirejea kwa kishindo mwaka wa 2017 kwa chipu za Ryzen, ikiwa chini ya uongozi wa Lisa Su. Safari hii mambo yalikuwa kinyume. Intel ilikwama kwa miaka kadhaa katika kupunguza ukubwa wa transista zake, ilhali AMD, isiyokuwa tena na kiwanda, iliagiza chipu zake kwa TSMC ya Taiwani iliyokuwa imesonga mbele. Watengenezaji wa tarakilishi wakazinunua.

Wapo pia walioamua kutobisha mlango wowote kati ya ile miwili. Apple, iliyokuwa imeanza kununua chipu za Intel mwaka wa 2006, ilianza kuuza tarakilishi zenye chipu ilizojibunia mnamo Novemba 2020, nazo tarakilishi za Windows zenye chipu za Qualcomm zimeingia madukani, zote zikizungumza lugha isiyo x86. Nalo jina Pentium, lililobuniwa ili liwe na mwenyewe, Intel ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba lingeondolewa katika tarakilishi za mkononi kuanzia mwaka uliofuata. Badala yake, kifaa hicho kingeitwa kichakataji cha Intel, basi.